Bakuli la Mama wa Chini

Hamjambo ndugu zangu. Salamu zenu za dini nimezipokea pale mlangoni, za pande zote mbili, na nimeziitikia. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wenye sukari kaniambia niketi nizungumze, lakini nitasimama. Mguu huu siku hizi unasimama, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi ni mtu wa reli, mstaafu. Nimezaliwa bara, ila Mombasa nimekaa miaka thelathini na kitu, na nyumba yangu iko Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Jina la mtu sitalitaja. Chini yangu alikaa mjane wa Kihindi, basi nitamwita mama wa chini.

Mama huyu na marehemu mke wangu walikuwa wakipelekeana chakula. Bakuli likipanda na mchuzi wa maziwa ya mgando, linashuka na mbaazi za nazi. Ule mchuzi wenyewe wanauita kadhi, na si yule wa kufungisha ndoa. Mnajua desturi ya huku, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mimi kazi yangu ilikuwa kula.

Mke wangu akafariki. Siku ileile mama wa chini akaleta bakuli. Nikaliacha mezani, nikasafiri kwenda kuzika bara. Niliporudi baada ya wiki mbili, mchuzi umeota ukungu. Nikaumwaga, nikaliosha bakuli, nikalifuta, kisha nikasimama nalo jikoni sijui la kufanya. Tupu halirudi, na cha kutia sina, kwa sababu nawaambia kweli, nilikuwa na miaka sitini na mbili na sijawahi kusonga hata ugali. Chai nilijua.

Nikasema nitalirudisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, nikaona haya, nimechelewa. Mwezi wa pili haya ikazidi. Ningekuwa mgeni wa desturi, ningelirudisha tupu siku ya kwanza, nikasema ahsante, yakaisha. Badala yake nikaliweka dirishani, nikaanza kushuka ngazi kwa vidole, viatu mkononi, nisisikike mlangoni kwake. Mtu mzima na mvi zangu. Chekeni tu, mimi nimeshajicheka.

Nikawa sina mtu. Asubuhi nakwenda Makadara, nakula viazi karai na bhajia, nasukumia na soda. Jioni chipsi, nazila kwenye mfuko nikiwa nimesimama, maana nikikaa mezani nakiona kiti cha pili. Kuna siku jua lilizama sijatamka neno ila "ongeza pilipili". Nilikuwa nikiingia kuoga nawasha redio, ili nikitoka nikute mtu anazungumza.

Sukari ikapanda. Kidonda kidogo cha kiatu kikakataa kupona. Muuguzi wa kliniki, binti mpole lakini hana mchezo, akautazama mguu akaniambia, "Mzee, ukiendelea na vyakula vya mafuta ya njiani, huu mguu hatutauosha tena. Tutaukata." Akasema nipike nyumbani. Nikamuuliza nipike nini. Naye akaniuliza, nyumbani kwangu nilikuwa nikipenda kula nini? Mdomo ukajibu mchuzi wa maziwa kabla sijafikiri.

Basi nikaenda dukani, nikanunua yogati, nikaimimina sufuriani na manjano na kitunguu. Ilikuwa ya stroberi. Ndugu zangu, mchuzi ule ulitoka na rangi ambayo Mungu hakuikusudia.

Mara ya pili nikapata maziwa yenyewe ya mgando. Nikatia chumvi kwanza, nikawasha moto mkali, nikaenda kusikiliza taarifa ya habari ya mchana. Niliporudi maziwa yamekatika, maji huku, mabonge kule, chini kumeungua, moshi unatoka dirishani. Nikaketi sakafuni nikalia. Sikulilia mchuzi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwita mke wangu nimuulize nimekosea wapi.

Ndipo nikasikia hatua ngazini. Hatua moja, kimya, hatua nyingine. Mama wa chini alikuwa na magoti mabovu. Akafika mlangoni, akashika ukuta, akavuta pumzi. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye bakuli lake pale dirishani.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Sikuwa na cha kutia."

Akalichukua, akalipangusa vumbi. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nimekukosea, nimeleta chakula siku isiyofaa. Miezi minane nakusikia ukivua viatu ngazini. Nikajua hutaki kuniona."

Alikuwa akinisikia, jamani. Siku zote zile nilijihesabu mimi ndiye mpweke, kumbe chini ya sakafu yangu kulikuwa na mtu anakula peke yake, watoto wake wote wako ng'ambo, na mimi ndiye niliyemzidishia. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

Hakunipikia. Aliketi kwenye kile kiti cha pili, akaniamuru. Piga maziwa na unga wa dengu na maji, vyote vingali baridi, hadi pasiwe na donge. Tangawizi, pilipili mbichi, manjano. Moto mdogo, na koroga. Nikataka kwenda kufunga dirisha, akanikemea, akasema maziwa haya hayaachwi peke yake motoni mpaka yachemke. Kijiko kimoja tu cha mafuta, nikakaangia haradali, uwatu na majani ya mchuzi, nikamiminia juu. Chumvi mwisho. Wao kwa kawaida hutia na sukari guru. Aliposikia habari ya mguu wangu akaiacha, na tangu siku hiyo hata kwake hakuitia tena, ingawa najua aliipenda.

Bakuli likaanza kupanda na kushuka upya. Kidonda kikafunga. Sukari ikashuka, na muuguzi akarudia kipimo mara mbili kwa kutoamini.

Mwaka huu mwanawe amekuja kumchukua. Siku ya safari zamu ilikuwa yangu, nikashusha bakuli limejaa. Alikula amesimama, mabegi yamefungwa, akaliosha, akanikabidhi tupu. Akasema, "Leo nakurudishia tupu. Umeona? Hakuna aliyekufa."

Sasa pale chini pana kufuli. Siwadanganyi kwamba upweke umekwisha, kwani nikipita mlango ule bado nachelewesha hatua. Lakini napika, na nakaa mezani kula. Nakushukuru binti wa kliniki, uko hapo nyuma, usijifiche. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki kwa kunivumilia. Na mama wa chini, popote alipo, Mungu ampe magoti mapya. Nililojifunza ni dogo: haya ilinila kuliko sukari.

Bakuli lenyewe ni lile pale mezani, lililofunikwa kitambaa, na limejaa. Kuna mwenzetu amekuja leo mara ya kwanza, ameketi karibu na mlango. Alipoulizwa nyumbani nani anampikia, alisema hana mtu. Ndugu yangu, ni lako. Nenda ukale. Ukiwa huna cha kutia, lirudishe tupu, nitalipokea. Ila upande ngazi na viatu vyako miguuni, nikusikie unakuja.