Mgonjwa wa Jumanne

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la nyuma la chuo cha udaktari, lile ambalo hata walinzi wake wanalisahau. Upande mmoja iko cherehani ya Sindano, fundi wa makoti meupe, ambaye haketi ubaoni lakini hakuna neno linalompita. Upande wa pili yuko Birika, muuza kahawa, mtu wa maneno machache na moto mdogo. Katikati hukaa Waziri, dalali wa vyumba vya wanafunzi, aliyepewa uwaziri na kijiwe kwa vile anausema uchumi kuliko waliousomea. Na mwisho kabisa, pale penye msumari unaochana suruali, hukaa Mgonjwa. Msimwonee huruma bado, hana ugonjwa wowote. Ni mstaafu wa posta ambaye kila Jumanne, mwaka wa sita huu, huingia geti lile, akavaa gauni la kijani, akalala kitanda namba nne na kujifanya anaumwa kifua, ili wanafunzi wajifunze kumhoji mtu na kumpima. Anaugua kwa mshahara. Ukimwuliza, "Mgonjwa, hujambo?" hujibu, "Mzima kabisa," na kijiwe kizima hucheka kana kwamba hakijawahi kuisikia.

Jumanne hii alitoka mapema. Saa nne kasoro alikuwa ameshaketi na kikombe mkononi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini, maana Waziri alikuwa ameshashika usukani.

— Nawaambieni, mji huu unakula ugonjwa. Kabla ya chuo hapa palikuwa na nini? Vumbi na fundi baiskeli. Leo kila mwenye ukuta ameugeuza chumba.

— Na kila chumba umekitia mkono, alisema Sindano bila kuinua macho.

— Nautia kihalali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana vyumba vya chini nimevipandisha kodi.

— Methali hiyo haisemi hivyo.

— Inasemaje?

— Sijui inasemaje, ila habari za kodi hazimo.

Birika akacheka chinichini, akamimina.

— Nyinyi hamjui kinachouendesha mji huu, alisema. Si ugonjwa. Ni woga. Wiki ya mitihani nachemsha mara nne kwa siku. Wakifunga chuo, birika moja linanilalia hadi jioni. Siku hawa vijana wakiacha kuogopa, mimi nitauza maji ya moto.

— Woga na ugonjwa ni ndugu, alisema Waziri. Baba mmoja, mama mbalimbali.

— Basi mimi nakula kwa binamu yao, Sindano akadakia. Mimi nakula kufeli. Mwaka wa kwanza wanaletwa na mama zao, "Fundi, shona kubwa, huyu atanenepa." Mwaka wa pili wengine hawaonekani, makoti yananirudia. Nafumua jina mfukoni, natia jingine. Lipo koti moja limeshavaliwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika kuitwa daktari.

— Hilo lina mkosi, litupe, alisema Birika.

— Nitupe kitambaa kizima? Wewe nawe.

Waziri alikunja mguu, ishara kwamba sasa anaingia kwenye sera.

— Kosa letu ni kuomba vitu vidogo. Wakubwa wakija tunaomba barabara, tunaomba taa. Tuombe ugonjwa wetu. Kila mtaa na ugonjwa wake, rasmi. Wale wa bondeni wapewe mifupa, maana kule wanateleza sana. Wale wa sokoni wachukue macho. Sisi tuchukue moyo. Moyo ndio wenye maslahi. Hauponi upesi wala hauui upesi. Daktari wa moyo anasoma miaka mingi, na miaka yote hiyo anapanga chumba. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo nayo ni ya kukukanya, Waziri.

— Ya kunikanya vipi, na mwishoni asali yote ni yangu?

— Usitanie kila kitu, alisema Sindano, safari hii akiinua macho. Dada yangu alipasuliwa mle ndani, mtoto alikuwa amekaa vibaya. Leo yule mtoto anakimbia. Zamani ungempeleka wapi? Ile barabara ya hospitali ya mkoa, nusu siku kwenye mashimo, mtu mpaka afike...

Hakuimaliza. Wote pale walijua kwamba mke wa Mgonjwa alikata roho kwenye barabara hiyohiyo, kichwa kikiwa mapajani mwa mumewe, mwaka mmoja kabla chuo hakijafungua milango. Waziri alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

— Endelea, mama, alisema Mgonjwa. Unasema kweli. Chuo kimesaidia watu.

Na alimaanisha. Hakuwa na ugomvi na chuo hata kidogo. Kilichelewa tu, na kuchelewa si kosa la jengo.

Waziri, ambaye ukimya humwasha mwili, aliukata upesi.

— Lakini habari mmeipata? Wameleta mtu wa plastiki. Mdoli, ukubwa wa mtu mzima. Nimemwona kwa macho yangu akishushwa garini. Anakohoa. Anatoka jasho. Moyo unadunda. Anakufa, wanabonyeza kitufe, anafufuka, anaendelea kulalamika palepale alipoachia.

— Kwa umeme? aliuliza Birika.

— Kwa umeme.

— Umeme huu wetu? Basi atakufa kila siku.

— Cheka tu. Mimi nimeshakwenda ofisini kuulizia malazi yake.

— Malazi ya mdoli? Sindano aliacha kazi kabisa.

— Mteja ni mteja. Hapiki, hapigi muziki, haleti wageni. Nipeni wadoli kumi, mwaka kesho mtaniita kwa cheo kingine.

— Na atavaa nini? Hawawezi kumlaza vile mbele ya mabinti wa watu.

— Si ndiyo riziki yako hiyo? Mpime, mshonee.

Birika alikuwa ameshika birika hewani, hamimini.

— Na Mgonjwa je?

— Mimi nini? alisema Mgonjwa.

— Huyo mdoli si kaja kufanya kazi yako?

— Aa. Mdoli anajua kukohoa, hajui kujibu. Mimi nipo palepale.

Ulikuwa uongo, na acha niuseme mimi kama yeye hakuuweza. Asubuhi ile mwalimu wa mafunzo, mama mmoja mpole, alimpokea mlangoni akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na mtu akikushika hivyo ujue kuna jambo. "Mzee wetu, umetufaa sana," alisema. "Tukikuhitaji tutakupigia." Kitanda namba nne kilikuwa na mtu wake tayari, amelala chali, mdomo wazi, macho hayapepesi. Mgonjwa alipewa bahasha, akarudisha gauni la kijani likiwa limekunjwa, akatoka kwa geti lilelile.

Ujira wenyewe haukumwuma. Pensheni inamtosha mtu mmoja na sufuria moja. Kilichomwuma ni Jumanne. Siku nyingine sita za wiki hakuna binadamu anayemwuliza amelalaje. Mwanawe wa pekee yuko nchi nyingine, humtumia ujumbe wa sauti wa nusu dakika, nao nusu yake ni upepo. "Baba, tuko pamoja," husema, kisha kimya mpaka mwezi mwingine. Lakini Jumanne wanafunzi wanane walikuwa wakimwinamia mmoja baada ya mwingine. Umelala vizuri? Umekula nini jana? Nyumbani unaishi na nani? Na walingoja jibu, kwa sababu hata kungoja kulikuwa na maksi zake.

Karatasi aliyopewa kuikariri ilisema anaishi na mkewe na wajukuu watatu, basi. Lakini vijana wana maswali, na karatasi haikuyajua yote. Mkeo anasemaje kuhusu haya maumivu? Lazima ujibu kitu. Kwa hiyo mke akaanza kumpunguzia chumvi na kumsema akilalamika, na mjukuu mdogo akaanza kukataa kulala bila taa. Miaka sita ile nyumba ilijaa watu. Leo alikuwa ameondoka bila kumuaga hata mmoja wao.

— Shikamooni, alisema mtu.

Alikuwa msichana wa chuo, koti lake jeupe kalitundika mkononi, karatasi zimebanwa kwenye kibao cha kuandikia. Mgonjwa alimjua papo hapo. Mwaka jana alisimama kitandani pake akitetemeka, akasahau kuuliza kama maumivu yanashuka mkononi, na Mgonjwa akausugua mkono wake mwenyewe wa kushoto mpaka binti akakumbuka. Yeye hakumtambua. Atamtambuaje mtu aliyevaa shati na viatu?

— Marahaba, waliitikia.

— Tunafanya utafiti, wazazi wangu. Tunataka kujua chuo kimebadilisha vipi kipato cha majirani. Kabla ya hayo ninayo maswali mawili tu ya kuijua nyumba. La kwanza, mnaishi wangapi. La pili, mtu akiugua hapo nyumbani, nani anamwuguza.

— Kuna msaada unakuja? aliuliza Waziri.

— Hapana, baba. Ni utafiti tu.

— Basi andika kumi na mmoja.

— Waziri, nyumbani kwako mko watano, alisema Sindano.

— Andika kumi na mmoja, mwanangu. Utafiti ukija kukua, utukute na sisi tumekua. Na nikiugua nauguzwa na mke wangu. Akiugua mke anakuja mama mkwe, na akishafika mama mkwe, mimi ndipo naugua kweli.

Binti aliandika huku akiuma mdomo asicheke. Sindano alisema wako sita, na mabinti zake hupokezana, huyu usiku, yule mchana. Birika alisema wako wawili, yeye na kaka yake.

— Yeye akiugua, mimi. Nikiugua mimi, yeye. Tukiugua wote, jirani anagonga dirisha.

Ikabaki mwisho wa ubao. Binti hakuuliza akiwa amesimama, kama alivyowauliza wengine. Ubao hapo ni wa chini na mzee alikuwa amejikunja, kwa hiyo alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

— Na wewe, baba, nyumbani unaishi na nani?

— Naishi na mke wangu, na wajukuu watatu.

Yalitoka yenyewe. Hata hakuyasikia. Binti aliandika tano.

— Mama anafanya shughuli gani?

— Yuko nyumbani tu. Siku hizi kanipunguzia chumvi, na nikilalamika ananisema. Wajukuu hawana neno. Yule mdogo ndiye hataki kulala bila taa.

Waziri alimtazama Sindano. Sindano alitazama kitambaa chake. Birika alifunika moto. Hakuna aliyecheka, na kwenye kijiwe kile watu walishacheka mpaka msibani.

Kalamu ya binti ilisimama. Aliinua uso, akautazama vizuri ule wa mzee, kisha akatabasamu kwa furaha ya kweli.

— Baba, ni wewe? Kitanda namba nne?

— Ni mimi.

— Wa maumivu ya kifua. Nilikujua kwa ile chumvi. Ulinisaidia sana siku ile, baba. Ulikuwa unasugua mkono, na mimi nilikuja kugundua kwamba ulinikumbusha makusudi nimeshafika hosteli. Sijawahi hata kukushukuru.

— Hata si kitu, mwanangu.

— Lakini hapa si mtihani, baba, alisema kwa upole, akikata ile tano. Nipe tu jibu la kweli.

Mgonjwa alilitazama geti, akaitazama mikono yake. Jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kujibu, na kabla ya leo hakuna aliyewahi kulitaka.

— Mimi, alisema.

— Wewe na nani?

— Mimi peke yangu. Andika mmoja.

Akaandika mmoja. Tabasamu lilikuwa limemtoka, lakini karatasi ni karatasi, na yeye alikuwa mwanafunzi mtiifu, kwa hiyo kidole chake kikashuka mstari wa pili.

— Na ukiugua, baba, nani anakuuguza?

Waziri alifungua mdomo. Mtu mwenye methali za kila kitu, za kufaa na zisizofaa, akaufunga bila kitu. Sindano alikanyaga cherehani isiyo na uzi. Birika alikuwa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu. Yeyote kati yao angeweza kusema maneno mawili tu, sisi tupo, na yangetosha, na wote watatu waliyafikiria. Lakini miaka yote waliyomwita Mgonjwa hakuna aliyewahi kufika mlangoni kwake, na wangeanzaje kumdanganya mtoto wa watu na yule mzee akiwa ameketi hapohapo anasikia. Mgonjwa naye aliwangoja kidogo, akijifanya anafikiri. Kisha akainamisha kichwa, na binti akaendelea kuchuchumaa mbele yake akisubiri jibu.