Mifuko ya Mzee Cletus na Ziwa Lililo Chini ya Kasansa

Wengi hukosea kudhani kwamba ardhi imetulia na viumbe ndio wanaohama. Mzee Cletus Nsokolo, anayestaafu leo tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye kikosi chetu cha visima hapa Mpanda, ametusahihisha bila kuchoka.

Alianza kama kibarua wa kubeba mabomba, akapanda hadi msimamizi wa mtambo. Kila kisima kilipochimbwa alichota udongo kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akaufunga kwenye mfuko na kuandika kijiji na kina. Madereva walimtania kuwa huyu posho ya chakula haimhusu. Mifuko hiyo mia nne na kumi iko stoo. Jumatatu stoo inasafishwa, na itakayobakizwa ni ile tu yenye lebo zinazosomeka. Wino umefifia. Anayekumbuka kila mmoja ulikotoka ni yeye peke yake.

Kisima cha kijiji cha Kasansa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, hatukisahau. Ulikuwa mchana wa kiangazi, maji ya karibu yakiwa mwendo wa saa mbili. Kwenye mita ya kumi na tisa udongo ulitoka mweusi, umejaa konokono weupe na meno madogo ya samaki. Mtambo ulipozimwa, bomba lilianza kuvuta pumzi, kisha kuitoa. Ilinuka tope la ufukweni. Ng'ombe wote waliinua vichwa, wakageukia shimo.

"Baba, umetoboa kaburi la nani?" aliuliza Mama Minza, mwenye shamba. "Lifukie!"

"Si kaburi, mama. Ni ziwa."

"Ziwa! Na mie kila siku nabeba ndoo kichwani?"

Cletus alikaa chini akamweleza. Zamani sana bonde lilipasuka likashuka, maji yakatuama humo. Maelfu ya miaka iliyopita mvua zilizidi, Rukwa ikajaa hadi ikamwagikia Tanganyika. Kisha ikanywea. Samaki wa kila upande wakabaki peke yao, ndiyo maana Rukwa ina samaki wasiopatikana Tanganyika. Konokono wale hawakuwa na pa kwenda. Na pumzi ile ni hewa tu, ikisukumwa na mgandamizo wa hewa ya juu unaopanda na kushuka.

Mama Minza alikubali, na maji yakapatikana mita ya arobaini. Mpaka leo hugonga bomba mara mbili kabla ya kuchota, kama anayebisha hodi. Cletus naye akipita hapo hugonga. Hajatuambia kwa nini.

Hakuomba zawadi ya kuagwa, lakini tunaweza kumwokolea mifuko yake. Konokono asiyejulikana alikotoka hawezi kumwambia mtu ziwa lilifika wapi.

Asante, mzee wetu, kwa maji na kwa subira. Tunakuombea afya na siku ndefu za utulivu nyumbani.

Nawe unayebaki: leo, kabla hajaondoka, chukua kalamu ya wino mzito, keti naye stoo, na uandike upya lebo ya mfuko mmoja.