Sauti Iliyozima Injini Stendini

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Meneja wa kituo. Daktari wetu wa zahanati ya hapo ng'ambo ya barabara. Viongozi wenzangu wa chama cha madereva. Makondakta, wakatisha tiketi, wafagizi, wauza magazeti na wapika chai. Na ninyi abiria mliokuja kukata tiketi mkajikuta mmekaribishwa shereheni: hamjambo? Nasikia wa nyuma hawajaitika. Hamjambo? Haya, sasa tuko pamoja.

Nimepewa dakika kumi. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana zamani dakika kumi hazikunitosha hata kupasha injini. Leo nitajitahidi.

Tumekuja kumuaga mama huyu aliyeketi pale mbele, mwenye shali ya bluu, kando ya binti yake. Kwa miaka ishirini na sita amekaa katika kile kibanda cha juu, chini ya paa la mabati, akiita magari kwa kipaza sauti. Sisi madereva ndio tuliompa jina la Mama Kipaza, na nisiwadanganye, hatukumpa kwa mapenzi. Tulimpa kwa sababu hakukuwa na siri stendi hii. Nani hapa hajawahi kutajwa? "Mzazi mwenye mtoto wa kiatu kimoja, kiatu cha pili kiko dirisha la tiketi." "Bwana uliyepanda gari ukamsahau mkeo chooni, mkeo yuko hapa, na hana raha." Bwana yule namwona pale amejiinamia. Inua uso, kaka, yamekwisha.

Lakini leo sikuja kusifu vichekesho vyake. Nimekuja kusifu hewa tunayovuta hapa tulipo. Vuteni kidogo. Mnaona? Miaka mitatu iliyopita, saa kama hii, mngekuwa mmeziba pua kwa leso, na mimi hapa ningekuwa nakohoa badala ya kuhutubia.

Mheshimiwa Meya, wewe una gari lako, kwa hiyo niruhusu nikueleze mila ya stendi. Abiria wetu alikuwa hapandi gari lililozimwa. Akilikuta kimya anauliza, "Hili ni la kesho?" Akisikia linaunguruma, anakimbia na mizigo yake, anagombea kiti. Basi nasi tukawasha. Tukawasha saa nzima kabla ya safari, wakati mwingine saa moja na nusu. Jirani akiwasha, nawe unawasha. Akikanyaga mafuta, nawe unakanyaga, nani akubali kushindwa? Mimi nilikuwa na jiwe langu la ukubwa wa nazi. Nalilaza juu ya pedeli, gari linanguruma, mimi nakwenda zangu kunywa chai. Jiwe lile lilikuwa na uzoefu mkubwa wa kazi kuliko baadhi ya vijana mlioajiriwa juzi.

Na moshi wa magari kumi na mawili ulikwenda wapi? Ulipanda juu, ukakutana na mabati, ukatulia. Pale ulipotulia ndipo penye kibanda. Ukipitisha kidole kwenye kioo chake unaandika jina lako na la baba yako. Huku chini wapika chai walifunika vikombe kwa visahani, mkatisha tiketi wa dirisha la pili alishinda macho yanamtoka machozi kama aliyefiwa, na sisi tukasema ndiyo kazi, moshi wa stendi haujaua mtu.

Mama Kipaza akatuandikia barua. Ukurasa mmoja, mwandiko wa kunyooka. Alisema: zimeni injini mpaka niwaite. Nitalitangaza kila gari na dakika zake, na dakika zangu hazitasema uongo, abiria wataniamini mimi badala ya muungurumo. Jamani, hilo lilikuwa kosa? Sisi tuliona ni matusi. Tukaitisha mkutano, tukaandika malalamiko kwamba mama huyu anatuingilia riziki, ahamishiwe stoo ya mizigo iliyopotea. Madereva arobaini na mmoja walitia saini.

Na ushahidi tulikuwa nao! Jiji lilikuwa limeleta kipima hewa, mashine ndogo yenye namba, nzuri kwelikweli. Kwa kuogopa wezi, ikafungwa wapi? Ofisini kwa Meneja, baina ya kiyoyozi na pazia. Ndugu Meneja, usitazame chini, hata mimi nilishangilia. Mwaka mzima kipima kikasema hewa ya stendi ni safi. Ingeachaje kuwa safi, mlango umefungwa na kiyoyozi kinapuliza? Tukaambatanisha namba zile na malalamiko yetu, barua ya mama ikatupwa kwenye droo, ikalala huko miaka miwili.

Hakugombana na mtu. Aliendelea kupanda ngazi zile ishirini na mbili kila alfajiri. Siku moja akaja fundi wa jiji kusoma namba zake, na Mama Kipaza akashuka, akamsimamia mlangoni.

"Mwanangu, hicho kinapima mapafu ya nani?"

Yule fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akakifungua kipima ukutani, akakipandisha kibandani. Mimi nilikuwa chini, jiwe liko kazini, nayaona yote. Namba zikapanda mpaka akadhani kimeharibika, akakipiga kofi. Akakirudisha ofisini, kikatulia. Akakipandisha tena, kikaruka. Safari ya tatu aliketi kwenye ngazi ya mwisho, leso puani.

"Mama, unakaa humu saa ngapi kwa siku?"

"Kumi. Una swali lingine?"

Fundi akapeleka namba zile jijini, barua ikatolewa kwenye droo, na jiji likaamuru tujaribu mpango wake kwa miezi miwili. Sisi tukapiga kelele kwamba abiria watatukimbia. Mama akasimama katika mkutano ule uliojaa wanaume wenye hasira, akasema, "Abiria wakipungua, nipelekeni huko stoo mnakotaka. Sitalalamika." Aliiweka kazi yake mezani mbele yetu, mjane mwenye binti anayesoma. Mimi mwenyewe nisingethubutu.

Asubuhi ya kwanza ya majaribio, nani alivunja mpango? Msihangaike kutafuta, ni huyu mnayemtazama. Nilikuwa namba tatu, nikawasha saa moja kabla. Abiria wakanijia mbio, nikajiona mjanja. Mara kipaza kikakohoa kidogo, ikatoka sauti tamu kama asali: "Abiria wapendwa, gari lililowashwa namba tatu linaondoka saa nne na nusu, si sasa. Mwacheni dereva, anasikia baridi."

Siku ile jua lilikuwa la kukaanga mtu! Stendi nzima iliangua kicheko. Abiria wakashuka mmoja mmoja na mizigo yao, na bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, kajifunike blanketi." Nikazima. Aibu niliyoipata siku ile sijaipata hata mbele ya wakwe.

Lakini sikilizeni alichofanya. Ilipofika saa nne na nusu kamili, wala si dakika moja zaidi, akatangaza: "Namba tatu, gari la kaka yetu mwenyekiti, dereva makini, sasa linaondoka. Wahini." Walinijazia gari mpaka kiti cha mwisho. Angeweza kunimaliza kabisa, naye akaniinua mbele ya watu wale wale. Ndugu zangu, huo ndio uungwana, na mimi sikuwa nao.

Wiki ya tatu abiria walikuwa wanakaa kwenye benchi wakisubiri sauti yake. Mkwe wake mwenyewe, aliyemwoa binti yake mkubwa, kondakta wa namba saba, alimwomba amsogezee dakika tano tu, za kifamilia. Alijibiwa kwa kipaza kwamba dakika hazina mkwe, tukasikia wote. Na abiria hawakupungua. Kipima kimetolewa ofisini, kinaning'inia pale nguzoni kila mtu akione. Wapika chai wamefunua vikombe. Mke wangu, akifua shati langu, aliniuliza, "Siku hizi unashinda wapi? Kola hii si ya stendi." Ilibidi nilete mashahidi!

Nimeendesha miaka thelathini na moja, nimepita mikononi mwa wakaguzi wa kila namna, wenye filimbi, wenye sare, wenye sauti za kutisha. Hakuna aliyewahi kuzima injini kumi na mbili bila kumtoza mtu faini. Mama huyu alifanya hivyo kwa kusema dakika za kweli tu, kila siku, mpaka tukamwamini. Nampenda kwa hilo, nalisema waziwazi, na mke wangu yupo hapa anasikia.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika.

Kwenye kadi zenu mmeandikiwa kwamba anastaafu kwa hiari. Wiki iliyopita nilikwenda kwake kumuuliza angependa tuseme nini. Alinikaribisha vizuri. Siku hizi anaongea taratibu, anakatiza sentensi katikati ili atafute pumzi. Nikamwambia, "Dada, tutasema umeamua kupumzika baada ya kazi nzuri." Akanitazama.

"Kaka, usiwaambie nimechoka. Sijachoka. Nimeumia."

Mwezi wa pili mwaka huu Daktari wetu alimwambia asipande tena kibandani, kifua hakiwezi. Alikuwa amebakiza miaka minne ya kazi. Nilimfuata Daktari, kwa idhini ya mama mwenyewe, nikamuuliza moshi ule ulimdhuru mwaka gani. Akanijibu kwamba kila mwaka uliongeza. Basi miaka miwili barua ilipolala kwenye droo ni ya nani? Ni yangu. Katika zile saini arobaini na moja, ya kwanza ni yangu. Dada yangu, mbele ya Meya, mbele ya mwanao na mbele ya madereva wote, nilikukosea. Nisamehe.

Ananipungia mkono nikae. Sikai, dada, sijamaliza.

Ndugu Meneja, Jumatatu binti yule mwenye kilemba cha njano anaanza kazi ya kuita magari, kibandani kule kule. Ana miaka ishirini na mitatu. Injini zimepungua, lakini magari bado yanaingia na kutoka, na moshi uliobaki bado unapanda pale pale. Tumeomba mara tatu kibanda kishushwe, kiwekwe kando ya geti ambako upepo unapita. Mara tatu tumejibiwa mwakani. Mama Kipaza alikataa zawadi zote tulizomtajia, kabati, redio, hata godoro. Ameomba hili moja. Mafundi wa kuchomelea wako tayari, na madereva tutabeba wenyewe.

Naona unaitikia kwa kichwa. Kichwa hakisikiki nyuma kule, ndugu yangu. Tafadhali, kipaza hiki hapa.

Mmesikia? Amesema Jumatatu hapandi mtu. Mheshimiwa Meya, umeshuhudia. Binti, usilie, kazi yako iko pale pale, ila utaifanyia chini, penye hewa. Na wewe dada, piga makofi polepole, Daktari anakutazama.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mimi yeye sikumsikiliza kwa wakati, na pumzi alizopoteza akinisubiri hakuna wa kumrudishia.