Kwa Nini Walimfuata Nohemí Juani

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki huwa nakianza kwa upole. Leo mtanisamehe. Mbele yangu hapa studio ipo taarifa ya rambirambi kutoka chuo kikuu kimoja cha hapa jijini kwetu Cali, ambacho sitakipa heshima ya kukitaja jina. Ina mhuri, ina nembo, na inasema marehemu Nohemí Lasprilla "aliwasaidia maelfu ya wanafunzi kupunguza uzito". Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilinyanyuka kitini nikaenda kunywa maji.

Nohemí Lasprilla amefariki dunia Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Nohemí Lasprilla, mwalimu wa mazoezi ya saa sita mchana, amefariki Jumanne. Kwa miaka kumi na tisa aliwachezesha wanafunzi kwa muziki, makundi kwa makundi, jua likiwa utosini. Wapo waliopungua, sikatai. Lakini hiyo haikuwa kazi yake, na haikuwa sababu ya watu kumfuata.

Alizaliwa mtaa wa mlimani, nyumba ya ngazi mia na kitu. Mama yake aliuza chontaduro, tunda lile linaloliwa kwa chumvi na asali, akilibeba kichwani kwenye beseni. Dada yake mkubwa, Oliva, ameniambia hivi: "Nohemí alikuwa hawezi kupanga foleni bila kucheza. Kanisani mama alikuwa akimfinya. Anafinywa, anatulia, padri akianza kuimba tu, mabega hayo yameanza."

Alishona viatu kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Jumapili, barabara zinapofungwa kwa ajili ya baiskeli, alikuwa akiwachezesha akina mama wa mtaani. Mtu wa Ofisi ya Ustawi ya chuo akamwona, akampa kazi. Mkataba wa miezi minne. Ukiisha, miezi mingine minne. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyu aliishi kwa miezi minne minne, na kila mara alikwenda kuomba upya kama mgeni.

Ukumbi hakupewa. Alipewa maegesho ya magari nyuma ya jengo la utawala, maana saa sita wakubwa huondoka na magari yao kwenda kula. Chini palikuwa na visanduku vya rangi ya njano, kila kimoja na namba yake, gari moja kisanduku kimoja. Nohemí akaona hapo kitu ambacho wakubwa hawakukiona. Alimpa kila mwanafunzi namba. Wewe kumi na saba, wewe ishirini na tatu. Hapo ndipo pako mpaka umalize digrii.

"Wewe mhandisi," angesema, spika ikivuma, "hicho kiuno umekikodi? Kirudishe kwa mwenyewe, ulete chako."

"Mwalimu, changu kimekufa tangu mtihani wa hesabu."

"Basi kizike vizuri. Kulia, kulia, geuka."

Walicheka, wakageuka, wakakanyagana. Maryluz Angulo, ambaye darasani kwake alikuwa msichana peke yake kati ya wavulana arobaini na mmoja, ameniambia kwamba ile ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyemwangalia kuona kama atakosea. "Pale wote tulikosea," akasema. "Mwalimu mwenyewe alikosea makusudi, ili tupumue."

Muziki ukizimwa, kabla mtu hajagusa chupa ya maji, Nohemí aliuliza neno moja: "Pengo?" Kila mmoja aliangalia kisanduku cha kulia na cha kushoto. Kisanduku kikiwa kitupu, jirani anataja namba. Siku ya kwanza anaitaja tu. Siku ya pili anapiga simu. Siku ya tatu majirani wawili, wa kulia na wa kushoto, wanakwenda kugonga mlango, na Nohemí anawapa mkate wa jibini wa kupeleka, ili wasifike mikono mitupu wakaonekana kama askari. Hiyo ilikuwa sheria. Hakuna mahali ilipoandikwa, na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Dairon alikuwa namba ishirini na tatu. Alitoka Guapi, kule pwani ya Pasifiki, ambako ukitaka kufika unapanda boti au ndege. Alipanga chumba nyuma ya karakana. Ameniambia mwenyewe kwamba kabla ya kusikia ile spika alikuwa amekaa siku kumi na moja bila kusema neno na binadamu, isipokuwa "asante" dukani. Muhula wa pili akakosa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ishirini na mbili na ishirini na nne wakaenda na mkate wao. Walimkuta sakafuni, homa ya dengue, midomo imepasuka, simu imezima. Wakambeba mgongoni kwa zamu mpaka zahanati. Daktari aliuliza nani wa familia. Wakajibu, "Sisi ni majirani zake wa maegesho."

Sasa niambieni, hilo mtaliwekea tiki wapi?

Kwa sababu tiki zilikuja. Miaka miwili iliyopita Ofisi ya Ustawi ilipata mkurugenzi mpya, Daktari Octavio Rengifo, mtu wa kunyoosha tai hata akiwa peke yake. Akatuma dodoso. Swali lilikuwa moja: kwa nini wanafunzi wanashiriki mazoezi ya pamoja? Majibu yalikuwa visanduku vitano, uchague kimoja tu. Cha kwanza, kupunguza uzito. Vingine vilifuata, sijui afya ya moyo, sijui muonekano.

Dodoso liligawiwa saa sita na dakika tano, maegeshoni, juani. Wanafunzi walikuwa na darasa saa saba. Muziki ulikuwa umeshaanza, na Nohemí hakupenda muziki uanze kisha usubiri. Hapa ndipo alipokosea. Alikosea kama mtu ambaye maisha yake yote karatasi za ofisi zilimjia kumpotezea muda, zikaondoka bila kuleta kitu. Alipaza sauti: "Wekeni tiki hapo kisanduku cha kwanza, twendeni, mwili unapoa."

Wakaweka. Mwalimu amesema. Wanafunzi sabini na wanane kati ya tisini na wawili wakatia tiki kisanduku cha kwanza, wakaweka karatasi chini ya jiwe, wakaanza kucheza.

Mwezi uliofuata barua ikaja. Kwa kuwa washiriki wengi wanataka kupunguza uzito, na kwa kuwa mashine hupunguza uzito kwa ufanisi zaidi, darasa la saa sita linafungwa. Chuo kitanunua mashine kumi na mbili za kukimbilia. Maegesho yatarudishiwa matumizi yake.

Nohemí hakuwa mtu wa kulia ofisini. Alikwenda amevaa viatu vile vile vya mazoezi, na Maryluz akamsindikiza, ndiyo maana maneno haya ninayo.

"Takwimu haziongopi, mama," Rengifo alisema.

"Haziongopi, daktari. Ila hizi ziliulizwa kwa haraka, zikajibiwa kwa haraka."

"Sabini na wanane wanataka kupungua. Mimi nawapa wanachotaka."

"Dairon ana kilo hamsini na moja. Tiki yake imo humo. Apunguze nini, mifupa?"

Maryluz alicheka. Mkurugenzi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akauliza taratibu: "Kwa hiyo unaniambia wanafunzi wamedanganya kwenye utafiti rasmi wa chuo?"

Maryluz anasema aliuona mtego, na Nohemí naye aliuona. Akisema hawakudanganya, darasa limekufa. Akisema walidanganya, majina yao yalikuwa juu ya karatasi zile, na nusu yao walisoma kwa ufadhili wa chuo hicho hicho. Maryluz alianza kufungua mdomo. Nohemí akamshika goti.

"Hawajadanganya," akasema. "Niliwaambia mimi. Kosa ni langu."

Mtu mwenye haki angesema basi, mama, turudie dodoso. Mtu mwenye aibu angeshuka mwenyewe saa sita akaangalia kwa macho yake. Huyu alichukua kalamu akaandika. Wiki ileile mkataba wa miezi minne ulikwisha na haukuongezwa tena. Sababu: kuingilia utafiti. Miaka kumi na tisa ya kazi, na ukweli mmoja aliousema kuwakinga watoto wa watu ndio uliomfukuzisha.

Nitasema kwa uangalifu, maana wanasheria nao husikiliza redio. Sisemi ofisi ilimuua. Hospitali iliandika moyo, na moyo ulikuwa na shida zake za zamani. Nasema tu alichoniambia Oliva: "Baada ya hapo kila siku saa sita alikuwa anakwenda kusimama mlangoni. Namwita, Nohemí, njoo ule, chakula kinapoa. Ananiambia, nakuja. Haji. Amesimama tu pale anahesabu."

Na zile mashine kumi na mbili? Nilikwenda kuziona juzi. Chumba kina kiyoyozi, mlango unafunguka kwa alama ya kidole. Palikuwa na wanafunzi wanne. Kila mmoja alikuwa na vipokea sauti masikioni, anaukimbilia ukuta. Nilimuuliza kijana mlangoni, jirani yako pale huwa anakuja kila siku? Akasema, "Jirani gani?" Sikumlaumu.

Jumamosi tulimzika. Watu walijaa mpaka nje ya geti la makaburi. Walikuja mawakili, wauguzi, mwendesha kreni. Dairon alisafiri kutoka Guapi kwa boti usiku kucha, siku hizi ni bwana shamba kule. Watu wasiojuana waliulizana namba, na wakishazitaja wakakumbatiana. Halafu akaja mjumbe wa Ofisi ya Ustawi na shada kubwa la maua, na habari njema kwa familia: chumba cha mashine kitapewa jina la Nohemí Lasprilla.

Hicho, wasikilizaji wapendwa, ndicho tunachokiita kilemba cha ukoka. Mtu umemnyima mkate akiwa hai, akifa unamvisha majani.

Oliva ana miaka sitini na tano na miguu inamsumbua. Hakunyanyuka kitini. Alimwambia yule mjumbe, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo: "Mwanangu, maua weka, maua hayana kosa. Jina lake msilibandike popote. Kamwambie bosi wako saa sita aondoe gari lake."

Mjumbe aliahidi kufikisha ujumbe. Leo saa sita nimepita. Magari yapo.

Kwa Oliva na wanawe, kwa majirani wote wa mlimani, kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na ninyi mnaonisikiliza, mnaokula, mnaoendesha, mnaopiga pasi, naomba mfikiri jambo moja. Siku moja ofisi itawauliza kwa nini mnakipenda kitu fulani. Itawapa visanduku. Msijibu ili mradi yaishe. Wenye visanduku wanapenda sana watu wa yaishe.

Nasema haya kwa ukali na sina haki ya ukali wote huu. Mimi nilikuwa namba thelathini na moja. Nilifika chuoni na kigugumizi cha kushindwa hata kutaja jina langu kwa mlinzi. Nohemí alinisikiliza mara moja, hakunihurumia, akanipa kazi ya kuhesabu hatua kwa sauti mbele ya watu tisini. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye mdundo ulimi haukunikwama. Alinihesabisha miaka minne, na sauti hii inayowafikia nyumbani ilifunguka pale, kati ya mistari ya njano. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kwenda.

Dodoso lilipokuja nilikuwa mwaka wa mwisho, na niliweka tiki kisanduku cha kwanza. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na mistari mitatu mitupu, imeandikwa: sababu nyingine, eleza. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.