Bertilla Cornelius Sikazwe, Mchoraji wa Picha Arobaini

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mathias, mdogo wa marehemu. Mengi nitakayosoma ni ya kumshukuru Mungu. Moja linamhusu mtu ambaye yupo hapa, naye naomba asiondoke.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Mwazye, mtoto wa pili wa Mzee Cornelius Sikazwe na mama yetu Winifrida. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1988 hadi 1994, kisha sekondari Sumbawanga mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998. Huko alichapwa mara mbili kwa kuchora walimu. Alikiri kwamba mara ya pili ilikuwa haki, kwa sababu pua aliizidisha.

Tarehe 22 Septemba 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu Leonardi Wiliam, fundi seremala. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mabango ya maduka na saluni mjini. Mwaka 2008 alianza kuchora picha za vitabu vya watoto. Siku moja alipeleka picha kwenye sala za jumuiya yetu ndogondogo. Ilikuwa ya mama aliyepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Bibi Fortunata aliitazama, akamuuliza, "Mwanangu, huyu anasaga ulezi au anafua shati?"

Watu walicheka mpaka rozari ikasimama. Kesho yake marehemu alikwenda jikoni kwa Bibi Fortunata, akasaga ulezi mpaka viganja vikatoka malengelenge, ndipo akachora upya. Tangu hapo hakuna picha aliyoimaliza kabla jumuiya haijaikosoa. Kila aliyechorwa aliweka sahihi nyuma ya karatasi, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Alikuwa mtu wa mipango. Kila Januari aliandika kwenye kalenda picha za mwaka mzima: mwezi gani atachora palizi, mwezi gani atashuka bondeni Muze kuchora ng'ombe wa wafugaji kabla mvua haijaharibu barabara. Alikuwa akisema, "Mahindi yakishavunwa, nitachora mabua?"

Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Hakulia mbele yetu. Aliomba kalenda, akapanga picha arobaini za mwaka mmoja wa mkulima wa Ufipa, kitabu ambacho wanawe wangekishika yeye akiwa hayupo. Alichora katikati ya matibabu, mara nyingine amelala ubavu. Picha ya mwisho aliimaliza Oktoba 2024.

Kwa kuwa hakuweza tena kusafiri, alimkabidhi katibu wa jumuiya yetu, Mwalimu Jastin Felisian, nakala azipeleke Mbeya kuchapwa. Kitabu kilirudi Februari mwaka huu. Juu ya jalada pameandikwa: Michoro ya Jastin Felisian. Jina la dada yetu halimo hata kwenye shukrani.

Shemeji Leonardi alipomuuliza, Mwalimu alijibu, "Kaka, ni makosa ya kiwandani. Tutarekebisha toleo la pili." Lakini sokoni alisema, mbele ya watu watatu wanaonisikia sasa, "Mgonjwa yule jina atalifanyia nini?"

Dada alikiona kitabu hicho akiwa kitandani. Nilimuuliza kama amemsamehe. Alisema, "Msamaha wangu nimeshampa padri. Ninyi someni nyuma ya picha. Someni kwa sauti."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa.

Picha zote arobaini, zile za mkono wake mwenyewe, tumezitundika kwenye ua, nyuma ikitazama mbele. Kila moja ina tarehe, jina la Bertilla na sahihi zenu. Mkitoka makaburini pitieni mmoja mmoja. Mwalimu Jastin, wewe utatangulia. Shada lako tumelirudisha kwenye pikipiki yako.

Jana jumuiya ilikaa. Mpaka kitabu hicho kichapwe upya kwa jina la mwenyewe, msiba ukitokea nyumbani kwako hatutachimba kaburi, hatutapika, hatutaimba. Utachimba wewe na wanao. Padri ametukataza, akasema kisasi ni cha Bwana. Tulimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha tukatia sahihi. Ya kwanza ni dole gumba la Bibi Fortunata.

Marehemu ameacha mume, Leonardi. Watoto watatu, Klementina, Baltazari na Avelina. Mama yetu Winifrida. Wadogo zake wawili na mjukuu mmoja.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Bertilla. Dada, wewe pumzika kwa amani. Sisi bado.