Bwana Shamba Aliyekaribishwa Kwake: Maisha ya Marehemu Bethwel Wamalwa Wekoye, 1963–2025

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Lugulu leo, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, tulieni kidogo mmsikie mtu wenu.

Bethwel Wamalwa Wekoye alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Malakisi, mtoto wa pili wa Mzee Wekoye, mkulima wa tumbaku, na Mama Nakhungu. Alikuwa mtoto wa kucheka peke yake. Mama alikuwa akisema huyu ana wenzake ambao sisi hatuwaoni.

Alisoma hapo hapo Malakisi hadi darasa la saba mwaka 1977, kisha sekondari mjini Bungoma hadi 1981. Baba alitaka awe karani, yeye akataka udongo. Hee, walinuniana mwezi mzima! Mwaka 1984 alihitimu diploma ya kilimo.

Mwaka uliofuata serikali ilimwajiri kama bwana shamba huko Kitale, na huko akazeeka katika chumba cha kupanga. Ugali wa mtu mmoja, alipenda kusema, hauivi vizuri. Mwaka 2019 ulipoletwa mpango wa serikali wa kuwapeleka vijana waliosomea kilimo wakafanye kazi kwa wakulima, yeye ndiye aliyepewa kuwatafutia maboma. Karatasi ya kutoka Nairobi ilisema mwanagenzi akae na mkulima na kufanya kazi zote. Lakini karatasi haiwajui akina mama wa Trans-Nzoia. Alipokwenda kumwona Mary Ann Nyambu, msichana wa Taita aliyemweka Kiminini kwa Mzee Kemboi na mkewe Linah, alimkuta amekalishwa kwenye kochi, chai na mkate mbele yake, na udongo hajaugusa tangu aje. Kila jioni ni kuku. Amenona, na macho mekundu kwa kulia. Linah akajitetea kwamba mtoto wa serikali hapewi kuzoa mavi ya ng'ombe, watu wangewacheka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale mwezi ulikuwa umekatika. Bethwel akavua viatu vya ofisi, akachukua sepetu, akaingia zizini.

"Mama, mpeni kazi," akasema. "Mmemtunza mpaka amekosa kwao na amekosa kwenu."

Tangu hapo hakumpeleka mwanagenzi kwa mkulima yeyote bila kumvisha viatu vya gambuti mbele ya mama mwenye boma. Mary Ann alibaki, na sasa anasimamia maziwa ya kikundi cha akina mama wa Kiminini.

Tukirudi nyuma, Desemba 1989 Bethwel alimwoa Phelista Naliaka kanisani hapa Lugulu, wakajaliwa Nekesa, Khaemba na Barasa. Phelista alilima hapa, yeye akija kila mwisho wa mwezi. Na hapa, jamani, tuseme ukweli. Kila alipofika kuku alikamatwa, watoto wakaitwa ndani kumsalimia, naye akaketishwa sebuleni. Mbwa wake mwenyewe walimbwekea. Alipostaafu Machi 2023 aliamka mapema kushika jembe, Khaemba akamnyang'anya kwa upendo, ati baba apumzike, ameitumikia serikali vya kutosha. Akishauri mbegu anashukuriwa vizuri, kisha Phelista anapanda alivyozoea, na mahindi yake, tusimwonee, hayakuwa na kasoro. Bethwel anarudi kwenye kochi. Alimwambia dada yake kwamba Kitale alikuwa mpweke kwa sababu hapakuwa na mtu, lakini hapa watu wamejaa na upweke ni ule ule, tena huu unauma zaidi.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Mwezi wa Mei mwaka huu alilazwa hospitali ya misheni hapa Lugulu, akatunzwa vyema, akaomba kurudi nyumbani. Kitanda kikatandikwa sebuleni. Alhamisi tarehe 12 Juni alikataa kukaa huko, akataka apelekwe jikoni. Mzee wa Kibukusu, jikoni kwa wanawake? Majirani walitazamana.  Phelista alimwekea kiti karibu na moto, na ungo juu ya magoti.

"Baba Khaemba, chagua haya maharagwe. Maji yanakaribia kuchemka."

Alitoa mawe na takataka kwa makini. Baada ya muda akasema, "Kumbe unaweza kunituma." Phelista akamwambia aharakishe, watu wana njaa. Alicheka mpaka akakohoa, akaendelea kuchagua. Kabla ya saa kumi jioni kichwa chake kilikuwa kimeinama, na mikono ingali ndani ya ungo.

Baadhi ya jamaa walitaka iandikwe kwamba alifia kitandani, kama inavyompasa mzee. Phelista alikataa. Ameagiza isomwe mbele yenu hivi: mume wangu alifariki akiwa kazini, nyumbani kwake.

Ameacha mjane wake Phelista, watoto wake Nekesa, Khaemba na Barasa, wajukuu, dada yake, na vijana wengi aliowatafutia mahali pa kushika jembe.

Apumzike kwa amani. Amefika kwao.