Maturubai ya Jumamosi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Na kama umekalia kiti cha plastiki chenye alama ya kijani mgongoni, hebu kitazame vizuri. Huenda mwenyewe alikitafuta mpaka siku ya mwisho.

Leo tunamkumbuka Mama Turubai. Alifariki Jumatano asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Alizikwa Jumamosi. Narudia, alizikwa Jumamosi, maana Jumamosi hiyo ndiyo iliyonifanya niombe kipindi hiki.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikodisha maturubai na viti. Harusi, misiba, mahafali, mikutano, kote alikuwepo, kitambaa kichwani, nyundo mkononi. Alianza akiwa mjane, na turubai moja aliloshona mwenyewe. Ameacha maturubai matano na viti mia nne, pungufu kumi na viwili. Hivyo kumi na viwili, alikuwa anawajua waliovichukua.

Kazini hakuwa na mchezo. Ukimwambia shughuli inaisha saa kumi, saa kumi kamili anaanza kufungua kamba. Mwaka juzi kituo chetu hiki cha redio kilifanya sherehe, nami nilikuwa jukwaani na maneno yangu kibao. Akaja akanigusa bega. "Mwanangu, endelea tu. Maneno hayahitaji turubai." Watu wakacheka, mimi nikanywea.

Alikuwa na fundo lake la kamba. Lilishika hata upepo uvume vipi, lakini ukivuta ncha moja linafunguka lote. Mfanyakazi akifunga fundo la kukatwa kwa kisu, alirudishwa afunge upya, hata kama wageni wameshaketi. "Hapa hatuhamii," alikuwa akiwaambia. "Tunafunga tukijua tutafungua."

Na hivyo ndivyo alivyoyaona maisha. Alikuwa Mkristo wa kuamini kweli kwamba hapa duniani tunapita, na makao ya kudumu yako kwa Mungu. Msidhani aliidharau dunia. Alipenda viatu vizuri, alipenda kucheka, na mkeka ukichafuliwa alikuwa mkali kama pilipili. Ila hakung'ang'ania.

Jambo hilo lilimgombanisha na mwanawe wa pekee, binti yake, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Mama aliishi kwenye vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya stoo yake. Binti ameniambia hivi: "Nilimwambia, Mama, umefunika watu wa mji mzima, wewe mwenyewe huna paa. Akanijibu, ninalo, ila siyo hapa. Jibu hilo lilinikera miaka yote. Niliona ni kisingizio cha kidini."

Basi Mama akafariki Jumatano. Ndugu wa mbali wangefika Ijumaa, kwa hiyo mazishi yakapangwa Jumamosi. Lakini maturubai yote matano yalikuwa yameahidiwa Jumamosi hiyohiyo, kwenye harusi ya dada mmoja, muuzaji wa duka la dawa.

Mjomba, mdogo wake marehemu, alikuja juu. "Haiwezekani! Mama Turubai azikwe watu wamekaa juani? Tutaziweka wapi sura zetu?" Hata baba wa bibi harusi alikuja mwenyewe kutoa pole. Akasema, "Yachukueni. Sisi tutajibanza popote." Uamuzi ukabaki kwa binti.

Binti aliingia stoo, akafungua daftari la shughuli. Kwenye Jumamosi ile palikuwa na jina la bibi harusi. Chini yake palikuwa na mwandiko wa mama yake, wa kutetemeka, ulioandikwa akiwa kitandani hospitali. Ulisema: "Likitokea la kutokea, haya ni ya bibi harusi. Mimi nitakuwa nimeshafika."

Alilisoma neno hilo mara tatu. Halafu akatoka, akamwambia mjomba, "Yanaenda harusini." Mjomba alikasirika, kisha akalia kama mtoto.

Nilikuwepo makaburini Jumamosi, saa saba mchana. Jua lilitupiga sawasawa. Wengine walijikinga kwa miavuli, wengine kwa vitabu vya nyimbo, wengine waliondoka wakinung'unika. Mimi nina kipara, wasikilizaji wapendwa, na nitasema ukweli: nilikasirika. Mchungaji alihubiri dakika tisa. Waumini wake wanasema haijawahi kutokea.

Saa kumi na mbili kasoro jioni, binti alifika uwanja wa harusi, bado amevaa nguo nyeusi. Muziki ukakatika. Akasema, "Endeleeni, muda haujaisha." Akasimama pembeni akisubiri.

Saa kumi na mbili kamili akavuta kamba ya kwanza. Yeye ndiye aliyezifunga, Ijumaa mchana. "Nilidhani nimelisahau fundo la mama," aliniambia. "Lilifunguka mara moja. Hapo ndipo nilipomwelewa, na hapo ndipo nilipolia." Bibi harusi akaja na shela lake, akashika upande wa pili wa turubai, wakalikunja pamoja.

Kwa binti, kwa mjomba, kwa wafanyakazi wote wa stoo ile, poleni sana. Bwana awashike mkono. Nasi tuliobaki tujiulize: tukiitwa leo, ni kitu gani kitahitaji kukatwa kwa kisu?

Nami nianze. Vile viti kumi na viwili, kimoja kiko hapa studioni. Nilikichukua siku ile ya sherehe. Mama alinipigia simu mara mbili, nikajifanya sina habari. Mara ya tatu hakuuliza tena. Alisema tu, "Kikalie vizuri, mwanangu, kisije kikavunjika."

Ndicho nilichokikalia sasa hivi. Kipindi kikiisha, nakirudisha.